Negativu Si Takataka

Tulipomzika baba, mwaka 2021, picha iliyokaa juu ya jeneza haikuwa yake. Kaka yangu alibandua pasipoti saizi kutoka kwenye karatasi ya kibali cha zamani, akaikimbiza steshenari karibu na barabara kuu ya Tunduma. Kijana wa pale akaipiga skani, akaikuza hadi ikawa kubwa kama trei, akaitia kwenye fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu. Macho ya baba yakawa vigae viwili vya kijivu. Sikio la kushoto lilikuwa limemezwa na mhuri. Mama aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu siye." Wanawake waliomzunguka wakamshika mabega, wakidhani ni uchungu unaosema. Leo ninaamini mama alikuwa sahihi kabisa. Pale juu palikaa kipande cha fomu kilichokuzwa, na sisi tukakililia.

Matanga yalipokwisha, mama alifungua sanduku lake la bati akanionyesha kilikotoka kile kipande. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa daftari. Wamekaa wawili, wamepigwa kuanzia kiunoni. Mama ana miaka 22, kitenge kimefungwa vizuri, kidevu kimeinuliwa kidogo kama walivyokuwa wakielekezwa studio. Kando yake amekaa mwanamume mwenye koti, mkono wake umelala juu ya mkono wa mama. Pale panapotakiwa kuwa na kichwa pana tundu la mraba.

"Alikikata mwenyewe kwa wembe," mama alisema. "Alitaka kibali cha kuvuka kwenda Nakonde, na hela ya picha nyingine haikuwepo."

Niliigeuza ile picha. Nyuma kulikuwa na mhuri wa studio moja ya hapa hapa Tunduma, mwaka 1988, na namba iliyoandikwa kwa penseli: 412. Nilijua maana yake. Mahali fulani katika mji huu, ndani ya bahasha yenye namba hiyo, kulikuwa na kipande cha filamu ambacho baba bado ana kichwa.

Nilikwenda kukitafuta baada ya miaka mitatu. Sina sababu ya maana ya kuchelewa hivyo. Nilikuwa Dar es Salaam, nina kazi, nina mambo. Na kati ya mambo hayo, naomba niseme kabla hamjaniuliza, kulikuwa na kamera ya filamu niliyoinunua mtumba, ambayo mkanda wake mmoja wa picha 36 ulinigharimu fedha ya chakula cha wiki nzima. Nilikuwa napiga nayo madafu, baiskeli, madirisha ya Kariakoo, kisha nazipandisha Instagram na kusubiri watu waseme rangi zake zina hisia. Nilipokuja likizo nilitembea nayo shingoni mbele ya ile studio. Sikuingia hata mara moja.

Nilipoingia mwaka 2024 haikuwa studio tena. Kijana mmoja anauza laini za simu na kutoa huduma ya fedha. Alinisikiliza kwa adabu.

"Ahaa, yale manegativu," alisema. "Yalikuwa magunia matatu, dada. Tulikuwa hatuna pa kuweka mzigo. Tumeanza kuyachoma juzi. Pita nyuma uone."

Nyuma ya duka kulikuwa na shimo la taka, na ndani yake moshi mzito wenye harufu kali. Gunia la tatu lilikuwa limebaki nusu. "Chukua yote ukitaka," akaniambia, "utakuwa umenisaidia usafi." Nilichukua bahasha 41 zilizokuwa bado nzima. Namba zake zilikuwa za 600 na 700. Hakuna 412.

Yule kijana simlaumu, na sitalitaja duka lake. Alirithi chumba chenye magunia ambayo hakuna aliyewahi kumwambia ni nini. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tunaojua ni nini, tunaopenda filamu hadi tunanunua programu za simu zinazoweka chembechembe na mikwaruzo ya uongo kwenye picha zetu, huku filamu yenyewe, yenye mikwaruzo ya kweli na mama zetu ndani, inachomwa nyuma ya maduka kuanzia Tunduma hadi Mlowo. Tumegeuza filamu kuwa pambo, tukasahau kwamba ni ushahidi.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Picha ya karatasi si picha yenyewe, ni nakala. Mpiga picha wa studio alikupiga kwenye filamu, akaisafisha chumbani gizani, ikatoka negativu: nyeusi yako imekuwa nyeupe, nyeupe yako imekuwa nyeusi. Kutoka kwenye negativu hiyo alichapa karatasi, na wakati wa kuchapa alikata. Aliondoa ukingo wa pazia, ndoo iliyosahaulika pembeni, mkono wa msaidizi aliyekuwa anamshikilia mtoto asianguke. Wewe ulilipia karatasi ukaenda nayo nyumbani, lakini negativu ilibaki kwake, na ndani yake kila kitu bado kimo. Karatasi hukuonyesha ulivyotaka kuonekana, na negativu huonyesha pia chumba ulichokuwa umesimama.

Ukubwa wa negativu hiyo si jambo la mafundi peke yao. Studio zetu za zamani zilitumia sana mkanda wa 120, ambao Kodak waliuanzisha mwaka 1901 na ambao unatengenezwa mpaka leo. Una upana wa sentimita 6 hivi, umeviringishwa pamoja na karatasi ya kuukinga na mwanga, na kwenye kamera ya mraba unatoa picha 12 tu. Ndiyo maana wazazi wetu katika picha hizo wamekaa kama wanaokula kiapo. Nafasi zilikuwa 12, na kila moja ilikuwa na bei. Hukupepesa macho.

Kisha ukaja mkanda wa milimita 35, na huu asili yake ni sinema. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, aliuchukua mkanda wa sinema, akaulaza ubavu ndani ya kamera ndogo na kuipa kila picha nafasi ya fremu mbili za sinema. Leica yake iliingia sokoni mwaka 1925, na mwaka 1934 Kodak wakaufunga mkanda huo katika kile kikopo kidogo cha bati tunachokikumbuka. Fremu yake ni milimita 24 kwa 36, na mkanda mrefu una picha 36. Kamera sasa ikaingia mfukoni. Mpiga picha akatoka studio, akaja kwenye kipaimara, kwenye mechi ya mpira, kwenye foleni ya malori.

Aliyekulia mji wa mpakani miaka ya 1990 anakumbuka jibu moja la wapiga picha hao. Umelipa nusu, wiki imepita, unamuuliza picha iko wapi. Anakwambia, "Mkanda haujaisha." Tulidhani wanatuzungusha, na wengine kweli walikuwa wanatuzungusha. Lakini mara nyingi lilikuwa jibu la kweli: si rahisi kusafisha nusu ya mkanda bila kuharibu sehemu ya nusu nyingine, na kupeleka mkanda Mbeya kulihitaji nauli. Kwa hiyo sherehe yako ilisubiri harusi ya jirani, na harusi ya jirani ilisubiri msiba wa mtaa wa pili, mpaka 36 zitimie. Ukiushika mkanda mmoja wa namna hiyo leo umeshika mwezi mzima wa mtaa, kwa mpangilio wake, furaha na vilio vikiwa vimefuatana bila kuchaguliwa. Albamu ya nyumbani kwenu haina kitu cha namna hiyo, kwa sababu kila familia ilichukua picha zake ikaenda.

Fremu ya mraba ya 120 ina eneo la karibu mara tatu na nusu ya fremu ya 35. Kwa maneno mengine, uso wa baba yangu katika negativu namba 412 ungeweza kukuzwa ukawa mkubwa kuliko mlango na bado ungehesabu nyusi zake. Sisi tukakuza kipande cha wembe.

Kuna watu waliokwisha kututangulia kuona tundu la namna ile. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, studio iitwayo Gulu Real Art Studio ilikuwa inapiga wateja picha ya kukaa kisha inakata kichwa peke yake kwa ajili ya pasipoti saizi, kwa sababu mteja alihitaji kichwa tu na njia hiyo ilikuwa rahisi kwao. Mabaki yalitupwa: magauni, mikono iliyokunjwa, watoto mapajani, kila mmoja na tundu la mraba juu ya shingo. Martina Bacigalupo, mpiga picha kutoka Italia, aliyaokota mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatoka kama kitabu na kuonyeshwa New York. Watu wa huko walishangaa sana. Mtu wa Tunduma asingeshangaa. Mji wetu umeishi kwa pasipoti saizi: dereva, mchuuzi wa nguo, mke anayemfuata mume Nakonde, mkulima anayepeleka mahindi upande wa pili, wote walikatwa vichwa kwa wembe ili karatasi ipate kugongwa mhuri. Ofisi ilitaka kichwa. Mwili, nguo iliyoazimwa, mkono uliolala juu ya mkono wa mwenzake, hivyo havikuwa na sehemu ya kujazwa kwenye fomu.

Ndiyo maana nasema ukubwa wa picha ni uamuzi. Kuna mtu mahali fulani anaamua ni kiasi gani chako kitabaki.

Na uamuzi huo haukuanza na fomu za mpakani. Mwaka 1923 Kodak walitoa filamu ya sinema ya milimita 16: nyepesi, nafuu, na haishiki moto kirahisi kama filamu za nitrati zilizokuwa zikitumika katika kumbi za sinema za mijini. Kwa sifa hizo ikawa filamu ya lori, shule na vijijini. Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment chini ya Meja Notcutt ulitengeneza sinema 35 hivi kwa filamu hiyo, sauti zikiwa kwenye sahani za santuri. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likiwafundisha watu kuhusu minyoo na akiba ya posta. Walioigiza walikuwa watu wetu. Sinema zinazofahamika kubaki ni chache mno, na ziko Uingereza, katika hifadhi ya British Film Institute. Nyingine zimekwenda na nyuso zilizokuwamo.

Hata kemia haikutuhesabu. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Rangi ikikaa sawa kwake, mashine imekaa sawa. Sisi tuliotoka kama vivuli vyenye meno tuliambiwa tatizo ni mwanga.

Rafiki yangu mmoja, msomi, ananiambia hapa ndipo hoja yangu inapojikata yenyewe. Kama filamu haikutengenezwa kwa ajili yetu, kwa nini tuililie? Iache ife na ukoloni wake.

Ningekubaliana naye kama nisingezifungua zile bahasha 41. Nilizipeleka kwa mzee mmoja wa Mpemba aliyepiga picha za studio maisha yake yote. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akainua kipande cha kwanza kuelekea dirishani. Akanyamaza. Kisha akaanza kunieleza kazi, si picha. Hapa alimsogeza mteja dirishani kwa sababu koti ni jeupe na uso ni mweusi, na filamu ingekula kimoja kati ya hivyo viwili. Hapa kuna khanga nyeupe imetandikwa sakafuni ili mwanga urudi juu usoni. Hapa amemwongezea mwanga kupita ule unaoandikwa kwenye boksi la filamu. "Boksi halijatuona," aliniambia.

Hicho ndicho kilichokuwa kinaungua kwenye lile shimo. Watu ambao hakuna kiwanda kilichowafikiria waliichukua filamu ya kiwanda, wakaibishia kwa khanga na dirisha, na wakashinda. Ushahidi wa ushindi huo hauko kwenye karatasi zilizopauka sebuleni, uko kwenye negativu. Ukiichoma kwa sababu Kodak walikuwa na kadi ya Shirley, umewafanyia Kodak kazi yao.

Wapo watakaosema: piga skani, kisha tupa. Piga skani, ndiyo, lakini usitupe. Skani ni nakala nyingine, na ubora wake unaishia pale ulipoishia uwezo wa mashine ya siku hiyo na subira ya aliyeiendesha. Kila mwenye umri wangu ana CD ya harusi ya ndugu yake ambayo kompyuta mpya haina pa kuiingiza, na mkanda wa VHS usio na deki. Simu yangu ya mwaka 2016 ilikufa na miaka miwili ya maisha yangu, na picha nilizowahi kutuma WhatsApp zilinirudia zimepunguzwa hata majina kwenye fulana hayasomeki. Negativu ya mwaka 1988 inahitaji jicho na dirisha. Haiombi nenosiri. Na wale wanaosema picha za rangi za zamani nazo hupauka wako sahihi, kwa kuwa rangi zake ni dai zinazochoka. Lakini picha nyeusi na nyeupe imeshikwa na chembe za fedha, na ikisafishwa vizuri humpita aliyeipiga na aliyepigwa.

Wapo pia watakaouliza kuhusu faragha, na hao nawaheshimu zaidi. Wale watu hawakukubali kutazamwa na mimi. Walikwenda studio kwa mambo yao: barua ya uchumba, picha ya kumtumia mume aliye Lubumbashi, labda mtu ambaye hawakutaka ajulikane. Ni kweli. Kwa hiyo sijaipandisha mtandaoni hata moja, na sitaipandisha bila idhini ya mwenyewe au watoto wake. Lakini kutunza na kuonyesha ni mambo mawili tofauti. Unaweza kutunza kitu bila kukionyesha kwa miaka 50. Kukichoma, kisha ukaita hiyo heshima, ni kuwanyima wenyewe haki ya kuamua.

Na wapo watakaosema mkoa una shida kubwa zaidi. Foleni ya malori, maji, madawati. Nami nimekaa kwenye foleni hiyo. Ila tazameni kitu kimoja. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12. Tumekichimbia pembeni, tumekijengea msingi wa kukishikilia, tunakilinda kisheria, tunawapeleka wanafunzi kukitazama. Ni sawa kabisa, ni cha kujivunia. Hakuna anayesema tukikate tuuze chuma tununue madawati. Basi kama tunaweza kutunza jiwe lililoanguka bila kumjua mtu yeyote, tunaweza kutunza bahasha za watu tuliowajua. Hazina tani hata moja.

Mifano ya waliotunza, au tuseme waliosahau kutupa, haiko mbali. Mwaka 2015, katika ghala la shirika la utangazaji la Uganda, UBC, mjini Kampala, zilipatikana negativu 70,000 hivi za wapiga picha wa serikali, nyingi za wakati wa Idi Amin, kila bahasha ikiwa na tarehe na maelezo. Nyingi hazikuwahi kuchapwa. Maelfu yake yakapigwa skani kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nje, na mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda ikaziweka ukutani, watu wakaenda kutafuta ndugu zao. Huko Nairobi, negativu za Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyeuawa kwenye vita vya Biafra mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji mpaka ndugu yake alipozitoa. Ghala na gereji. Hakuna kilichozidi hapo. Tofauti kati ya historia hizo na shimo la nyuma ya duka letu ni kwamba hakuna aliyehitaji nafasi ya kuweka mzigo.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kila picha ya kabla ya hapo, ya reli ya TAZARA ilipofika Tunduma, ya misimu ya kahawa Mbozi, ya soko na vituo vya forodha, imeandikwa Mbeya kama imeandikwa popote. Tuna jina jipya lisilo na sura. Sura zake ziko kwenye magunia ya vyumba vya nyuma vya steshenari, saluni na maduka ya laini za simu, kwa sababu huko ndiko studio zilikogeukia.

Kwa hiyo ninawaomba, ninyi mnaosoma hapa na mnaokwenda likizo nyumbani. Kabla ya kununua mkanda mwingine, ingia kwenye studio ya zamani ya mji wenu, ile iliyobadilika kuwa kitu kingine. Uliza magunia. Yakiwepo, yaombe. Yatoe kwenye mifuko ya nailoni uyaweke kwenye bahasha za karatasi, uandike kwa penseli namba ile ile uliyoikuta, kwa sababu namba ndiyo kamba pekee inayounganisha kipande hicho na jina la mtu. Yaweke mbali na bati la paa na mbali na sakafu. Baridi ya Mbozi, tunayoilaani kila Juni, ni rafiki wa filamu kuliko joto la Dar es Salaam. Kipande kinachonuka siki kitenge na vingine, kimeanza kuoza na kitaviambukiza. Kisha mtafute mzee aliyevipiga, au mke wake, ukae naye na daftari. Halmashauri zetu zina maktaba na maofisa utamaduni. Kabati moja lenye kufuli halihitaji mfadhili. Lakini msisubiri kabati. Magunia hayasubiri.

Bahasha zangu 41 ziko chumbani kwa mama, juu ya kabati la nguo. Jumapili huwa tunazitazama. Naweka negativu juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, naipiga kwa simu nyingine, nageuza rangi, na mtu anatokea. Kwa moja kati ya hizo, wanandoa wamekaa mbele ya pazia la maua, na pembeni, sehemu ambayo wao hawakuiona kamwe kwenye karatasi yao, kuna mvulana wa miaka kama kumi amelishikilia pazia kwa mikono miwili lisianguke, ameuma ulimi kwa juhudi.

"Huyu si mtoto wa yule fundi saa?" mama alisema. "Yupo. Ana duka Sogea."

Nilimpelekea. Alikaa na ile picha muda mrefu bila kusema. Kisha akachukua kalamu yangu akaniandikia majina ya wale maharusi.

Sasa tuna majina 9 kati ya bahasha 41. Ile 412 bado naitafuta, kwa watu waliowahi kufanya kazi pale na waliochukua kitu kimoja kimoja kabla ya moto. Picha ya fremu ya dhahabu mama ameigeuza ikatazama ukuta. Ile yenye tundu ndiyo ameiweka sebuleni.